Mguu Uliozikwa Kilosa

Dresa Sefu, msafisha vidonda wa hospitali ya Kilosa, ndiye aliyenituma niandike haya. Anasema wagonjwa wakisikia tu neno msumeno wanatoroka wodini, na juzi alimfukuzia mmoja mpaka sokoni, bendeji inaburuzika nyuma. "Andika, Mihayo," aliniambia. "Wewe ulitoroka vibaya kuliko wote, watakusikiliza."

Basi naandika. Kama umeambiwa wiki hii kwamba mguu wako hauponi na lazima ukatwe, tulia kwanza. Usivae viatu bado. Habari za vijidudu na mishipa sitakueleza, maana sizijui, na waliojaribu kunieleza walinichosha. Nitakueleza yaliyonipata mimi, tangu mwiba mpaka Mikumi, na pale nilipofanya ujinga nitasema ni ujinga.

Mimi ni Mnyamwezi. Nilikuja Kilosa kwa gari moshi kutoka Tabora, manamba, kibarua wa mkataba kama wengine, nikapewa kisu, kipande na chumba kwenye kambi ya shamba la mkonge. Kipande ni ile kadi yenye vyumba thelathini. Kila siku ukimaliza kazi unatiwa alama, na kadi isipojaa kwa wakati wake, umeula wa chuya. Nilikuwa mkataji hodari. Sijisifu, nyapara wetu Maganga, Mnyamwezi mwenzangu ambaye kumtoa neno la sifa ni kama kumng'oa jino, alikuwa akiwaambia wageni wanitazame. Nilimwoa Zena, Mvidunda wa upande wa Mikumi, tukapata binti, Siwema. Mwaka ule mwiba uliponichoma, Siwema alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea.

Kila jani la mkonge lina mwiba kwenye ncha, mweusi na mgumu. Kuchomwa ni jambo la kila siku, hakuna anayekwenda nyumbani kwa ajili ya mwiba. Ule wangu uliingia kwenye muundi ukavunjikia ndani. Kilikuwa kiangazi, na zilibaki siku nne kadi yangu ijae. Sisi wakataji tulikuwa na desturi yetu: mguu ukichomwa ukaanza kupanda joto, unaufunga juu ya jeraha kwa singa mbichi, zile nyuzi zinazotoka kwenye korona, ile mashine ya kusaga majani, ili sumu isipande moyoni. Hakuna aliyetufundisha. Kwenye mkonge kila kitu hufungwa kwa mkonge, kuanzia mlango na kitanda mpaka mbuzi na suruali. Nikaufunga chini ya goti, nikakaza, nikarudi shambani.

Jioni ya kwanza Zena aliniambia, "Fungua, Mihayo. Mguu umebadilika."

"Siku tatu tu," nikamwambia.

Jioni ya pili akaniambia tena, nikamjibu siku mbili tu. Jioni ya tatu aliishika kamba kwa mkono wake aifungue, nikamfokea mbele ya majirani, nikasema mambo ambayo sitayaandika hapa. Akaiachia kamba. Siku ya nne kadi ilijaa na mimi nikaanguka mlangoni. Zena alipoikata kamba kwa kisu changu cha mkonge, ilikuwa imezama ndani ya nyama, na vidole vilikuwa na rangi ya biringanya. Mguu ukivimba, kamba haivimbi. Jambo dogo hilo nililijua tangu utoto, kwa ng'ombe na kwa mbuzi, ila kwa mguu wangu mwenyewe sikulijua.

Donda likafunguka palepale kwenye mwiba, likaanza kutembea. Majirani walisema ni donda ndugu, wakatazamana. Nililazwa juu ya majani katika toroli ya mkonge, nikasukumwa mpaka kiwandani, kisha lori likanipeleka hospitali ya Kilosa. Zena alitembea kando ya reli ya toroli, Siwema mgongoni, khanga mkononi akinifukuzia nzi. Hakusema "nilikuambia." Laiti angesema, ningepata nafasi ya kugombana badala ya kuona aibu.

Barazani pa hospitali palikuwa na benchi moja refu, nami nimelikalia lile benchi kuliko kiti chochote maishani mwangu. Watu wa Munisagara walishuka na gari moshi la asubuhi na walitaka kuwahi la kurudi, kwa hiyo kila siku palikuwa na ugomvi wa nani ametangulia. Mimi sikugombana na mtu. Nilikuwa nanuka. Hilo naliandika wazi kwa sababu pengine nawe unanuka na unaona haya. Nilipokaa, watu walisogea, wakasogea tena, mpaka nikabaki peke yangu upande mmoja wa benchi. Siku moja mama mmoja wa Munisagara, mtoto wake anakohoa mapajani, alikuja akakaa kwenye ile nafasi tupu, kiwiko chake kikinigusa. Akamenya chungwa, akanitilia nusu mkononi bila kuniuliza. Jina lake silijui, lakini kila nikila chungwa namwombea.

Hapo ndipo nilipomjua Sefu. Alitoka mlangoni na beseni lake, akanitazama, akauliza, "Kabila gani?"

"Mnyamwezi."

"Aa! Mmebeba mizigo ya watu mpaka miguu imeoza?"

Alikuwa Msagara. Wanyamwezi na Wasagara ni watani tangu babu zetu walipopita nchi hii na misafara, pembe za ndovu mabegani. Mtani anaweza kukutukana, anaweza kukuvua kofia akaondoka nayo, na huna ruhusa ya kukasirika. Ukifa, yeye ndiye anayekuzika. Nikamjibu, ingawa meno yalikuwa yakigongana kwa homa, kwamba babu zake walikuwa wakisikia vishindo vyetu wanapanda milimani kama nyani. Akacheka, akanibeba ndani.

Vuli nzima nilikuwa kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Asubuhi donda lilisafishwa kwa dawa ya zambarau, nikauma khanga ya Zena nisipige kelele. Sindano ya asubuhi ilikuwa tako la kulia, ya jioni la kushoto, na hivyo ndivyo nilivyojua saa. Paja langu lilikonda mpaka nikaweza kulizungushia vidole vya mikono miwili. Mashavu yaliingia ndani, Siwema akawa analia akiletwa karibu yangu. Hilo liliniuma kuliko dawa ya zambarau.

Mvua za vuli zilipokatika, daktari aliniambia mguu utakatwa juu ya goti, kesho kutwa. Nikasema ndiyo bwana. Alipogeuka nikajiteremsha kitandani, nikatambaa. Nilikuwa nimelisikia gari moshi likipiga honi, nikajisemea nitafika stesheni, nitakwenda Tabora, nife kwa mama yangu nikiwa mzima. Nilitambaa kwa viwiko mpaka kwenye uzio wa minyaa, mchana kweupe, watu wa benchi wakinitazama. Pale nguvu zikaisha. Sefu alinikuta nimekumbatia mti wa mnyaa ninalia.

Hakuniinua. Alikaa chini kando yangu, kwenye vumbi, na sare yake nyeupe.

"Mihayo, mimi ni mtani wako. Kuzika ni kazi yangu, siikatai. Chagua tu. Nizike mguu, au nikuzike wewe wote?"

Gari moshi liliondoka tukilisikia sote wawili.

"Zika mguu," nikasema.

Usiogope dawa ya usingizi. Inanuka vibaya, masikio yanavuma, basi. Nilipozinduka, Sefu alinisimulia mazishi. Alikuwa amechimba shimo kando ya ule uzio wa minyaa, na kabla ya kuutia mguu alilala mwenyewe shimoni, kama watani wanavyofanya msibani, akakataa kutoka mpaka mtunza bustani alipompa sigara. Nilicheka mpaka nyuzi zikanivuta. Kisha nililia, na yeye akakaa akavuta ile sigara mpaka nilipomaliza. Mguu wenyewe haukukubali kwamba umezikwa. Kidole gumba kiliniwasha, unyayo ulipata baridi. Nawe utawashwa mguu usiokuwepo. Huna wazimu.

Wiki ya pili baada ya kukatwa alikuja mjomba wake Zena kutoka Mikumi. Kwao mjomba ndiye mwenye kauli. Mtoto wa dada yake ni wake kuliko wa baba. Alikuwa mtu mrefu, mtaratibu wa maneno. Nilimwamkia shikamoo nikiwa nimelala, akaitikia marahaba, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, mahali ambapo mguu wangu ungekuwepo.

"Sikuja kwa sababu ya mguu," akasema. "Mguu ni mapenzi ya Mungu. Nimekuja kwa sababu mpwa wangu alikuambia ufungue kamba, siku tatu, ukamfokea mbele za watu. Mtu asiyesikia mpaka akatwe, nitamwachiaje mtoto wa watu? Nawachukua, yeye na binti yake. Siku utakapofika Mikumi mwenyewe, bila kubebwa na mtu, tutazungumza."

Nilimtazama Zena anikatalie. Alikuwa akikunja khanga. "Nitakungoja," akaniambia, "ila usiningojeshe sana." Wakaondoka. Niligeukia ukuta, na kwa siku kadhaa hata Sefu alishindwa kunitukana vizuri.

Tangu siku ile sikuwa na neno lingine kichwani ila Mikumi. Masika nilijifunza magongo kwenye matope. Kipupwe nilirudi kambini, Maganga akanipa kazi ya kuanika singa pamoja na wanawake, akidhani ananidhalilisha. Wanawake wale walinifaa sana, walinipa uji na habari. Lakini kwenda Mikumi kwa gongo moja, njia ya porini yenye nyati, hata mimi nilijua ni kujiua. Basi vuli iliyofuata nikaazima baiskeli ya Sefu.

Kwa mguu mmoja unaweza kuisukuma pedali chini, lakini nani ataipandisha? Nilianguka wiki mbili kabla sijapata jibu: unaufunga mguu kwenye pedali, basi unasukuma na kuvuta. Niliufunga kwa mkanda wa ngozi. Shida ilikuwa kusimama. Mwenye miguu miwili anashusha mmoja. Mimi nilitakiwa nipate mti au kichuguu cha kushika, la sivyo naanguka, na siku zote upande uleule. Nilianguka masika yote. Nyonga ikawa nyeusi, mikono ikawa minene, na kile kisiki cha paja kikaota ngozi ngumu kama kisigino.

Mashamba ya mkonge yalikuwa na michezo kila mwaka, kipupwe, na mashindano makubwa yalikuwa ya baiskeli, kutoka kiwandani kwetu mpaka Mikumi kupitia Ulaya. Ndiyo, kuna kijiji kinaitwa Ulaya, na kila mwaka kuna mtu anayedhani ametunga mzaha mpya. Kabla yangu hakuna kilema aliyewahi kuandikwa katika michezo ile. Karani aliinua kalamu akauliza, "Nikuandike mshindani au mtazamaji?"

"Mshindani."

"Nani atakuokota njiani?" akauliza Maganga.

"Nikiokotwa nitakuwa nimeshindwa," nikasema, na kwangu mimi hiyo haikuwa majivuno. Watu walidhani nataka kuwapita waendeshaji. Mimi nilitaka kufika tu, kwa nguvu zangu, mbele ya macho ya mtu mmoja. Ikatangazwa kwamba lori litafuata nyuma, na yeyote atakayekutwa njiani ameshindwa kuendelea atapandishwa. Maganga alipewa usimamizi wa lori, na Sefu akawekwa humo na sanduku lake la dawa.

Asubuhi ya mashindano, bendera imekwisha kuinuliwa, nilivuta mkanda wangu wa ngozi niukaze, ukakatika. Hapo kiwandani kamba za mkonge zilikuwa zimelala chini kama majani. Mtu mmoja akanirushia, na mkono wangu ukafunga wenyewe bila kuniuliza, fundo la mkataji, lile lisilofunguka. Ndiyo. Mimi. Mkono uleule, kamba ileile. Bendera ikashuka.

Mpaka mto Miyombo nilikuwa mbele ya wanne, na nilijiona mfalme. Kulikuwa na kivuko cha saruji, maji yakipita juu yake mpaka kwenye ekseli. Wengine walishuka wakakokota. Mimi sikuweza kushuka, nikapita nikikanyaga ndani ya maji, watu wa kando wakishangilia. Nilitoka ng'ambo nimelowa mpaka gotini. Na kila mtu wa mkonge anajua kamba ya mkonge ikilowa hufanya nini. Hujikaza.

Kabla ya kufika Ulaya, kifundo kilianza kuuma. Baada ya Ulaya, kikaacha kuuma, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Jua lilikuwa kali, wale wanne walikuwa wamenipita, njia ilikuwa tupu. Nilijaribu kukunja vidole ndani ya kiatu nisijue kama vimekunjika. Mguu uliozikwa Kilosa uliwasha na kuchoma, na huu nilio nao umenyamaza kimya.

Nilijua la kufanya. Kisu changu cha mkonge kilikuwa kimefungwa kwenye fremu pamoja na gongo. Lakini kusimama ni kuanguka, na fundo likikatwa sina kamba nyingine, na lori liko nyuma. Nikauona mti mbele, nikajisemea nitaushika ule. Nikaupita. Nikaona kichuguu, nikajisemea kile. Nikakipita nacho. Mikumi haikuwa mbali tena, milima ya Uvidunda ilikuwa inaonekana wazi. Nikasema kwa sauti, peke yangu porini, "Vilima viwili tu."

Nikaisikia sauti yangu. Ilikuwa ileile ya jioni ya pili kambini. Siku mbili tu. Na baada yake, kama alivyokuwa akisema kila jioni, bila kelele, nikamsikia Zena: Fungua, Mihayo.

Sikungoja mti. Niligeuza usukani kwenye majani nikaanguka.

Baiskeli ilinilalia, mguu bado kwenye pedali, kisu kikiwa chini ya fremu, upande wa ardhi. Nilichimba udongo kwa kucha kukifikia. Nilisikia lori mbali, likibadilisha gia. Kisu kikatoka, kikanikata kiganja, nikakitia kati ya kamba na kiatu nikasugua kama mwendawazimu mpaka kamba ikaachia. Nikavua kiatu. Mguu ulikuwa na rangi ile. Ile ya biringanya. Nilipiga kelele mpaka ndege wote wa pale wakaruka, nikaanza kuusugua kwa mikono miwili, damu ya kiganja ikiupaka wote, nikiomba kwa Kinyamwezi, lugha ambayo nilikuwa sijaomba nayo tangu utoto.

Lori likasimama. Humo mlikuwa na waendeshaji wawili waliokwisha okotwa. Maganga alishuka ameweka kofia yake ya nyapara sawasawa. Sefu alimpita mbio, akapiga magoti, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema kitu. Alibonyeza kidole gumba akaachia, akatazama. Akabonyeza cha pili, akatazama. Alikwenda hivyo kidole kwa kidole, na mimi nilimtazama usoni, si mguuni, maana mguuni nilishindwa kutazama.

"Unasikia?" akauliza.

"Sisikii."

Akasugua, akangoja. Akakifinya kidole cha mwisho kwa kucha.

"Mama yangu!" nikapiga ukelele. Maumivu yalipanda mpaka kiunoni, na sijapata kufurahia kitu maishani kama maumivu yale.

Sefu akashusha pumzi ndefu. Kisha akasema, "Mpumbavu wa Tabora. Nimezika mmoja, wa pili unadhani nitapewa sigara tena?"

"Vizuri," akasema Maganga. "Mpandisheni." Akanishika chini ya makwapa, akaniinua kuelekea lori. Nilishika nyasi, zikang'oka. Nilimwambia, "Maganga, niache, nakuomba kwa jina la mama yako, nikipanda humo nimempoteza mke." Akasema amri ni amri.

Sefu akasimama, akanyoosha mkono, akamvua Maganga kofia, akaivaa.

"Kofia yangu hii," akasema.

"Sefu, si wakati wa utani."

"Utani una saa? Mwache Mnyamwezi mwenzako chini, nitakurudishia Mikumi. Ukimpandisha, nitaivaa nikisafisha madonda mwaka mzima, na kila mgonjwa atajua ni ya nani."

Wale wawili ndani ya lori walishika mbavu kwa kicheko. Maganga alikuwa amesimama kichwa wazi juani. Angefanya nini? Mnyamwezi anayemkasirikia mtani, habari zake zinapanda gari moshi na kumtangulia Tabora. Akaniachia. "Akifa mimi simo," akasema, akapanda mbele kando ya dereva.

Sefu akatoa kwenye sanduku bendeji pana ya kitambaa, akanipandisha kwenye kiti cha baiskeli, akanifunga mguu kwa wepesi, akaacha mkia mrefu. "Ukivuta hapa linafunguka. Ukiona ganzi, vuta. Babu zako walibeba pembe za ndovu njia hiihii, na wewe unataka kubebwa? Nenda." Akanisukuma. Lori likanipita likaniachia vumbi, na mtani wangu nyuma yake amevaa kofia ya nyapara.

Vilima viwili vile viligeuka kuwa vitano. Cha tatu nilivuta mkia nikashuka, nikaikokota baiskeli na gongo kwapani, juu nikajifunga tena. Sitakudanganya kwamba nilifika nikiwa shujaa. Nilifika Mikumi wengine wamekwisha kula. Utepe wa mwisho ulikuwa umekunjwa, mshindi alikuwa amelala chini ya gari, na watoto walinikimbilia wakipiga kelele, "Mwingine! Mwingine bado!" Waliobaki wakasimama kutazama. Mbele ya duka, kwenye kiti cha kukunja, alikuwa ameketi mjomba. Zena alikuwa nyuma yake. Nilishika nguzo ya duka, nikavuta mkia wa bendeji, nikashuka bila kuanguka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Alinitazama toka juu mpaka chini, hakuharakisha. "Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Njiani hakuna aliyekubeba?"

Maganga alikuwa pale, kichwa wazi, anasikia. Ningeweza kusema hakuna, na nadhani asingenisuta. Lakini nilikuwa nimechoka mno hata nisiweze kudanganya. "Nilianguka," nikasema. "Mtani wangu aliniinua akanirudisha kwenye baiskeli. Kuinuliwa niliinuliwa, mjomba. Kubebwa sikubebwa."

Macho yake yalikuwa kwenye kifundo changu, mahali ambapo kamba ilikuwa imeacha alama nyekundu kuzunguka mguu wote.

"Na hii?"

"Nilifunga mwenyewe kwa ujinga uleule. Lakini safari hii nilifungua mwenyewe."

"Kabla hujaambiwa?" Huyo alikuwa Zena. Sikuwa nimeisikia sauti yake mwaka mmoja na nusu.

"Hapana," nikamwambia. "Uliniambia. Nilikusikia."

Alikuja akapiga magoti, akaushika mguu wangu kwa mikono yote miwili, akaanza kuukanda mbele ya watu wote. Mjomba aliinuka, akasukuma kiti chake kwangu kwa mguu. "Kaa," akasema, "kesho mtaondoka wote." Siwema, ambaye sasa alikuwa mtu mzima wa miaka mitatu, alizunguka baiskeli mara mbili akichungulia.

"Mwingine uko wapi?" akaniuliza.

"Kilosa."

"Umeusahau?"

Basi nikakaa nikacheka, na machozi yananitoka.

Mwaka uliofuata karani hakuniuliza kama ni mtazamaji. Aliniandika, na akamwandika mtu wa Kilangali mwenye mkono mmoja, na fundi cherehani wa Mabwerebwere aliyepooza miguu, ambaye alikuja kudai mbio za kusukuma toroli kwa mikono na akapewa. Mimi sijawahi kushinda. Mwaka juzi nilikuwa wa nne, na Zena huwakumbusha watu bila kuulizwa. Kofia ya Maganga bado iko kwa Sefu.

Sasa wewe uliyelala hapo. Ule uzio wa minyaa unauona dirishani. Ukitaka kutambaa, tambaa mpaka pale, ulie, hata mimi nililia. Lakini kando yake kuna mguu wangu, na mimi nilipita barabarani asubuhi hii kwa baiskeli, nikiwa na mke nyuma. Kwa hiyo rudi kitandani. Na kama kuna mtu kando yako amekuambia ufungue kitu, na wewe ukamwambia siku mbili tu, mwite sasa hivi, mpe kisu.